Sahani ya Simbilisi Mlangoni Pangu

Jumatatu moja ya Desemba iliyopita nilikuta simbilisi wa kuchoma mlangoni pangu, nikamla. Kufikia Jumapili nilikuwa na bendi ya matarumbeta, farasi mweupe, na Mtoto Yesu wa mbao wa kumtunza hadi Krismasi.

Mimi si mtu wa kusali. Nimefundisha historia maisha yangu yote katika milima hii ya Azuay, kusini mwa Ekuado, na historia haimwachii mtu imani nyingi. Kanisani naingia kwa ajili ya mazishi.

Tuanze na sahani.

Kikohozi kilikuwa kimenilaza siku kadhaa. Asubuhi hiyo nilifungua mlango nipate jua, nikaikuta kizingitini: sahani ya udongo, kitambaa cheupe juu, na chini yake simbilisi mzima, viazi, mahindi meupe ya kuchemsha na pilipili. Vyote vya moto.

Nilikaa papo hapo kizingitini nikala hadi ikabaki mifupa.

Ndipo kipaza sauti cha mnara wa kanisa kilipokoroma.

“Ndugu zangu, nawakumbusha tena,” alisema Padri Wilfrido, mwenye vigango vinne na gari moja bovu. “Mpaka leo hajapatikana mdhamini wa sikukuu ya Mtoto. Asipopatikana hadi Jumapili, Mtoto nampeleka mjini, na Misa ya Krismasi itakuwa huko huko. Mimi sitabeba bendi mgongoni.”

Mfupa ulinidondoka mkononi.

Kwetu jambo zito haliombwi kwa mdomo. Linaombwa kwa sahani. Unampelekea simbilisi mtu unayemtaka. Akiirudisha sahani, amekataa. Akila, amekubali. Na mdhamini ndiye anayewalisha watu, anayewalipa wapiga matarumbeta, anayemvisha Mtoto nguo mpya na kukitangulia kijiji kizima katika maandamano.

Nami nilikuwa nimelamba hata vidole.

Nilimjua aliyenitega, au nilidhani namjua. Nikaiosha sahani, nikaenda nayo kwa Padri.

“Padri, hii ni yako?”

“Mwalimu Ofelia, sahani zangu mimi ni za plastiki.” Akaitazama, kisha akanitazama mimi, na uso wake ukabadilika. “Kumbe ni wewe. Mungu ni mwema.”

“Ni mimi nini?”

“Usijali. Sitamwambia mtu.”

Mchana kijiji kizima kilijua.

Njia ya kujinasua ilibaki moja: kumpikia mwenye sahani simbilisi mwingine na kumrudishia ikiwa imejaa, kabla ya Jumapili. Lakini mwenyewe ni nani? Nilianza na jirani yangu wa ukuta mmoja, Targelia. Kufuli mlangoni, alikuwa amekwenda mjini Cuenca, bintiye amejifungua. Nikaendelea nyumba kwa nyumba, sahani mkononi.

Hermelinda, mwoka mikate, hakuningoja nibishe hodi.

“Karibu, mwalimu. Najua kilichokuleta.”

“Hujui. Nataka kujua sahani hii ni ya nani.”

“Ya nani tena, si ya Mtoto? Mikate niachie mimi. Na unga usinunue sokoni, watakupunja.”

“Hermelinda, sikuja kuomba mikate.”

“Ndiyo maana nakupa. Waombaji nawajua.”

Nilipofika njiani nikakumbuka. Mdhamini akishakubali, huzunguka nyumba kwa nyumba, sahani mkononi, kuomba watu wamsaidie. Mila hiyo nilikuwa nimeifundisha darasani. Barabarani niliisahau.

Ningeweza kuificha sahani ndani ya shali. Nilijaribu. Belisario, kiongozi wa bendi, akaiona ikichomoza.

“Mwalimu, uliwahi kunipa sifuri.”

“Ulistahili.”

“Nilistahili. Basi bendi inakuja bure, ila nyimbo nachagua mimi.”

“Belisario, sikiliza…”

“Bure, mwalimu. Ukinibishia natoza.”

Kila nilipofungua kinywa kukana, mtu aliongeza kitu. Viazi. Fataki. Farasi mweupe wa kumpandisha binti atakayeigiza malaika. Bibi mmoja kipofu akaahidi kumshonea Mtoto koti, nikashindwa kumwambia kwamba hakuna sherehe.

Juma lile sikukaa kitako. Nilichemsha chai nikaisahau. Nilifungua vitabu nikasoma ukurasa ule ule. Nililala nikitunga kanusho, nikaamka nikilisahihisha.

Jumapili niliingia kanisani bila jeneza kuwapo. Watu waligeuka kwenye mabenchi. Palikuwa pamejaa, hata wale wanaume ambao kwa kawaida husikiliza Misa wakiwa nje, wameegemea ukuta. Kila mmoja alikuwa ameahidi kitu, na amekuja kuhakikisha hakipotei.

“Mdhamini yupo?” akauliza Padri Wilfrido.

Nikasimama. Sentensi yangu ya kukataa ilikuwa tayari, fupi na yenye adabu. Mbele yangu Belisario alikuwa amepakata tarumbeta lililosuguliwa hadi likang’aa. Bibi kipofu alikuwa na koti mapajani, limebakiza mkono mmoja tu kushonwa.

“Nipo,” nikasema.

Sikuguswa na neema. Niliona tu kwamba kukataa kungenilazimu kuzizunguka nyumba zile zote upya.

Krismasi Mtoto alitembezwa kijiji kizima. Farasi alimwangusha malaika mbele ya duka la dawa, bendi ikapiga nyimbo ambazo Kanisa halizitambui, na chakula kikabaki. Misa ilisomwa kwetu.

Keshoye Targelia alirudi kutoka Cuenca, akaingia jikoni kwangu bila hodi.

“Ahaa, sahani yangu hii hapa. Nikadhani mbwa kaibeba.”

“Kumbe ni wewe uliyenitega.”

“Nikutege nini? Ulikuwa unakohoa, jamani, na ukuta wetu ni mmoja. Nikasema nisimwache jirani na njaa. Basi la Cuenca linapiga honi, nikaiweka mlangoni nikakimbia.”

“Simbilisi mzima?”

“Nusu simbilisi ndiyo zawadi gani?”

“Hukuwa unaniomba udhamini?”

Alicheka hadi akashika mlango. “Wewe? Mwalimu, hata Baba Yetu ya mazishini unaisema kama unasoma hati ya mashtaka. Nani angekuomba wewe?”

Kwa hiyo hakuna aliyeniomba. Nilijiomba mwenyewe, nikajikubalia.

Funzo, kwa wanaopenda mafunzo: ukikuta sahani mlangoni, uliza kabla ya kula. Ukishakula, usizunguke nayo. Sina zaidi. Imani yangu iko pale ilipokuwa, ingawa sasa naombwa ushauri kuhusu paa la kanisa, na nautoa.

Desemba nyingine imefika. Padri Wilfrido ameanza tena kukoroma mnarani kwamba mdhamini hajapatikana, na safari hii anayekohoa ni Targelia.

Jana nilipika. Nikaifunika sahani ile ile kwa kitambaa, nikabisha hodi kwake. Aliitazama bila kuigusa.

“Mwalimu,” akasema, “hiki ni chakula tu?”

“Kula,” nikamwambia. “Kinapoa.”