Nitumie Ukungu

Rafiki yangu ananiomba nimtumie ukungu. Anaishi Ulaya, na kazi yake huko ni kuwatunza wazee wa watu, kuwaogesha na kuwalisha. Mimi niko hapa Othaya, nachuma chai. Ukungu ninao tangu alfajiri: uko kwenye kitambaa cha kichwa, uko kwenye sweta, umeingia hadi kwenye magoti ambayo siku hizi hayanitii. Yeye anautaka kwenye simu, autazame jioni akinywa kahawa. Basi nasimama katikati ya chai, natoa simu kifuani nilikoificha isilowe, naizungusha polepole alivyonifundisha, na kumtumia picha nyeupe tupu. Ananijibu, "Huo ndio wenyewe." Nasonya, narudi kuchuma.

Aliyetoka hukumbuka vitu ambavyo sisi tuliobaki tumechoshwa navyo. Ameshaniomba sauti ya mandazi yakitumbukizwa kwenye mafuta. Ameshaniomba mlima, asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, nami nikaacha uji ukimwagika jikoni ili nimpigie picha. Siku moja alitaka tope. Tope la soko letu, lile lililonimalizia gambuti! Nilimtumia, akalia kwa furaha, nikabaki najiuliza ni nani kati yetu aliyepotewa na akili.

Msinielewe vibaya, nampenda. Tulikua kwenye kilima kimoja, tukachuma chai pamoja tukiwa wasichana, kisha mimi nikaolewa ng'ambo ya kijito, hatua chache tu kutoka kwao. Tunaitana wakini, yaani mtu wa rika langu. Lakini kumpenda mtu hakukuondolei maumivu ya mgongo.

Kilichomfurahisha zaidi ni kile kituo cha kupimia majani ya chai, tunapokaa mchana tukingoja lori. Hapo karani hupima, wanawake husuka vikapu, na hakuna wa kusemwa anayepona. Nikimpigia simu ya video, wote hujisogeza.

"Ati huko hakuna ukungu?" mmoja aliwahi kumuuliza.

"Uko, lakini hauna harufu."

"Basi rudi. Hapa niko na mwingi, hata nitakuongezea matope."

Walicheka, naye akacheka, na mimi nikaishika simu juu mpaka mkono ukafa ganzi. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiionja ladha ya nyumbani, kipande kwa kipande, kwa mkono wangu.

Ila kuna kitu kimoja ambacho hakuwahi kuniomba. Mama yake.

Kwetu mtu akienda safari ndefu, mzazi humtemea mate kiganjani au kifuani na kumwombea njia njema. Ni mate kidogo, umande tu. Hata sisi watu wa kanisa, pasta akishamaliza kuomba, bado tunanyoosha viganja kwa mama. Mama yake hakutaka aende Ulaya. Walizozana wiki nzima. Siku ya safari, bibi yule aliteremka kijitoni kuchimba nduma bila kuaga, na aliporudi na beseni lake alikuta kitanda kimetandikwa na mtoto hayupo. Tangu hapo hakumtaja kwa jina. Ananiuliza tu, "Huyo mtu wako yuko aje?" Na huyo mtu wangu, kila jambo likimwendea kombo, mgongo ukiuma au karatasi zake za kuishi huko zikikataliwa tena, huniambia, "Wakini, niliondoka na viganja vikavu." Analisema akicheka. Mimi najua halichekeshi.

Msimu wa baridi uliopita, mama yake alishikwa na kifua. Ni mimi niliyekuwa nikimpelekea kuni na kumchemshia supu, maana huko mwenzangu anatunza wazee wa wenyewe, na huku mimi natunza wake. Nilipomweleza jinsi mama anavyokohoa, alinitaka nirudie mara mbili. Kuja hawezi, kwa sababu kabla karatasi hazijakubaliwa, akitoka harudi. Mwishowe akasema, "Nipeleke kwake. Kama atakubali kuniona."

Nikapanda kilima jioni hiyo, majani yameshapimwa, mwili mzima ukiniambia niende nikalale. Mama alikuwa jikoni kando ya moto, amejifunika blanketi. Nilikaa kwenye kigoda, nikapiga, nikamgeuzia simu.

Walitazamana.

"Umekonda," mama akasema hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Huko hawana nduma."

"Hawana."

Kisha bibi akainyakua simu kwa mikono yote miwili. Nilidhani anataka kuona vizuri. Akaileta karibu na kinywa, akanong'ona maneno ya baraka, akatema. Na kwa vile alikuwa na kile kifua, hayo hayakuwa umande. Mwanga wa simu ukatetemeka, ukazimika.

Nilikasirika, sitaficha. Simu ile ndiyo macho yangu na masikio yangu. "Mama," nikamwambia, "hii ni simu, si mkono."

"Na huo uso ulikuwa wa nani?"

Niliifuta kwa leso, nikaenda nyumbani nikaizika kwenye mchele. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba sikujua mwenzangu aliona nini. Pengine aliona mdomo wa mama ukija, halafu giza. Nilijua mtu wa namna yake, aliyezoea kukataliwa, angechagua kuamini lipi.

Asubuhi simu ilikuwa bado imekufa. Nilipitia kwa mama kumwambia naipeleka mjini kwa fundi. Alikuwa ananingoja mlangoni.

"Leta mkono," akasema.

Nikampa. Alikifungua kiganja changu cha kulia, chenye mipasuko iliyoingia weusi wa chai usiotoka kwa sabuni yoyote. Akatema mate kidogo sana, safi, safari hii umande kweli. Akanikunja vidole kimoja kimoja.

"Baraka hii si yako. Mpelekee. Na usinawe."

Basi siku ya kuchuma ikapotea hivyo. Nilienda mjini nimekunja ngumi ya kulia, nikiwasalimu watu kwa kuwapa kifundo cha mkono, kama mtu aliyetoka kulisha ng'ombe. Fundi aliifungua simu, akaisafisha kwa brashi, akaniuliza niliimwagia nini. Nikamwambia ni maji. Aliponiambia niiguse kwa kidole changu ili ifunguke, nilimpa cha kushoto ikakataa, ikabidi niandike zile namba taratibu huku wateja wengine wakinitazama.

Nilikaa kwenye benchi nje ya duka, nikapiga. Alishika mara moja. Macho yalikuwa yamevimba.

"Alinikataa," akasema. "Nilimwona anakuja, akakata."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumweleza, lakini nilikuwa nimechoka, na maneno marefu ni kazi. Nikafungua kiganja mbele ya simu.

"Jana alikutemea wewe, ikaua simu. Hii ni ya leo. Amesema nikuletee."

Aliangalia. Hapakuwa na kitu cha kuona, ni mkono tu, mkavu, mweusi kwa chai.

"Umenawa?"

"Sijanawa."

"Hata kula?"

"Hata kula."

Akauinua mkono wake, akauweka kwenye kioo upande wake mpaka nikawa naona mistari tu. Nami nikauweka wangu upande huu. Wapita njia walitushangaa, acha washangae. Tulikaa hivyo mpaka data ikaisha.

Jioni nilirudi kwa mama, kwa kuwa nilijua hatalala bila habari.

"Alipokea?"

"Alipokea."

"Yote?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia sijui. Akachokoa moto kwa kijiti, akapima maneno yake.

"Kwa simu haiwezi kupita yote," akasema. "Hiyo iliyobaki ni yako."

Mama yangu mzazi alikufa kabla sijaolewa. Tangu hapo hakuna aliyefikiri kwamba mimi pia ni mtu wa kuombewa njia, na hata mimi sikuwa nimefikiri. Nikamwambia, "Mama, mimi siendi popote."

"Kesho si unaenda kuchuma?" akasema. "Na kwa magoti hayo ni mbali."

Nikaufumba mkono tena, nikateremka kilima.