Pedi Iliyopimwa kwa Unga wa Muhogo

Nyumbani kwangu pedi za gemu ni nyingi kuliko sufuria. Ziko juu ya kabati, ziko chini ya kitanda, na juzi nimekuta moja kwenye kapu la vitunguu, sijui ilifikaje huko. Mashine zenyewe ni zile za zamani za kuchomeka kaseti, ambazo zikikataa kuwaka unatoa kaseti, unaipuliza, unairudisha, unaomba Mungu. Watoto wa jirani wenye simu zao huja kuzicheza wakizicheka. Baada ya muda mama zao wanakuja kuwaita, na hawaitiki.

Nyingi ya pedi hizo nimezitengeneza mwenyewe. Nikiulizwa nilijifunzia wapi, nasema Ujiji, kwa ajili ya mkono wa mdogo wangu. Watu wanadhani nimelikwepa swali.

Baba alitangulia, mama akafuata kabla hatujazoea. Tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na kitindamimba wetu, msichana, ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Mimi niliacha shule, kwa kuwa dagaa wanafika mwaloni, pale mitumbwi inapotua, asubuhi, na lazima mtu awe pale kuwapokea, kuwaanika na kuwageuza. Sikulia sana kuhusu shule. Nilijiambia kwamba wawili watasoma kwa ajili ya watatu.

Halafu kitindamimba akaungua. Tulikuwa Simbo kwa shangazi, msimu wa chikichi, tukimsaidia kukamua. Alikuwa anazunguka na watoto wenzake karibu na pipa la mawese yanayochemka, akateleza, akajishika mahali ambapo hapakuwa pa kujishika. Mkono wa kulia. Ngozi ilipona, lakini vidole vitatu vikabaki vimejikunja kuelekea kiganjani, kama vile vimeshika kitu visichotaka tukione. Kidole gumba na cha shahada ndivyo vilivyokuwa vinasogea kidogo.

Nesi aliyemhudumia hospitali alinivuta pembeni. "Dada mtu, nisikilize. Kovu linakaza. Mkono huu usipofanya kazi sasa, ukishakaza hatutauweza tena. Kila siku akunje, akunjue. Akilia, alie."

Alilia kweli. Kila jioni baada ya kumwogesha nilikaa naye kwenye mkeka, nikaushika mkono ule, nikakinyoosha kidole kimoja kimoja, naye akapiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Baadaye akaacha kulia, akafanya jambo baya zaidi: akaanza kuuficha. Aliufunga ndani ya kanga, akala kwa mkono wa kushoto. Siku moja kwenye hitima, bibi mmoja akamkemea mbele ya sinia, "We mtoto, kushoto huko kuna baraka gani?" Tangu siku hiyo hakula tena kwenye nyumba ya watu. Nikimwambia twende tukanyooshe vidole, ananiangalia tu. Nami kila siku nikiugusa mkono ule nausikia unazidi kuwa mgumu.

Miaka ile watu walikuwa wanavuka kutoka ng'ambo ya ziwa kila mara bunduki zikilia kule. Ujiji karibu kila nyumba ilikuwa na mtu chumba cha uani. Cha kwetu tulimpa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa redio na televisheni kwao. Tulimwita babu. Alifika na shati alilovaa, blanketi, mfuko wa vifaa vyake vya kazi, na furushi lililofungwa kwa plastiki kama mtoto mchanga. Alipolifungua, ndani mlikuwa na mashine ya gemu, kaseti yake moja, na pedi mbili.

Mdogo wangu wa kiume alicheka mpaka akakaa chini. "Babu! Watu wamebeba magodoro, wewe umebeba gemu?"

"Ni ya mteja," babu akasema.

"Mteja gani tena, na vita?"

"Nilikuwa nimeshaitengeneza, hakukuja kuchukua. Sasa siku moja mwenyewe akiniuliza, miye nitamwambia nini? Nimeiacha kwa barabara?"

Hakutania. Aliiweka juu ya kabati letu na kuifunika kwa kitambaa. Lakini mashine isipowashwa inaingia unyevu, alisema, kwa hiyo kila Jumamosi mchana, umeme ukiwepo, tuliiunganisha na televisheni ndogo aliyotuachia baba, ile isiyo na rangi, tukacheza. Gemu lenyewe lilikuwa la mtu mdogo anayekimbia kwenda kulia bila kuchoka, anaruka mashimo, anapanda ngazi, anakusanya vitu ambavyo hatukuwahi kujua ni vitu gani. Mdogo wangu alimwita Mgebuka, kwa kuwa samaki huyo naye hatulii. Pedi moja ilikuwa nzima. Ya pili waya wake ulikuwa umetafunwa na panya huko huko kwao.

Kitindamimba alikuwa anatazama akiwa amekaa mlangoni. Jumamosi moja akasogea, akasema, "Nami."

Mdogo wangu akampa pedi. Akaishika kwa kushoto, akatoa mkono wa kulia kwenye kanga, na mbele yetu sote akajaribu kupeleka vidole kwenye vile vitufe viwili vya kurukia. Ni vitufe vidogo, vimekaribiana. Vidole vyake vilifika kwa migongo. Mgebuka akakimbia moja kwa moja, akatumbukia shimoni.

"Lete bwana, huwezi," kaka yake akasema. "Wewe tazama tu."

Hakununa. Aliiweka pedi chini taratibu, akatoka nje. Mdogo wangu aliendelea kucheza, lakini mimi niliona kitu ambacho yeye hakukiona. Kidole cha kati cha kitindamimba kilikuwa kimejinyoosha pale alipojaribu kubonyeza. Kidogo, kama upana wa punje ya mchele. Na hakuna aliyekuwa amekivuta.

Asubuhi nilimwamkia babu, nikamuuliza kama pedi inaweza kutengenezwa upya, iwe kubwa.

Alikuwa anapiga mswaki kwa kijiti. Akatema, akafikiri. "Kitufe ni nini? Ni vyuma viwili vinakutana. Kidole kinasukuma, vinakutana, mashine inasikia. Basi. Vinaweza kukutana fasi yote unayotaka." Akaenda kuileta ile pedi iliyotafunwa na panya. "Hii haina kazi. Fungua, uone tumbo lake."

Ndani mlikuwa na kibao cha kijani chenye mistari, na chini ya kila kitufe mistari miwili isiyogusana. Babu alinionyesha namna ya kuunganisha waya kwenye kila mstari ili kitufe kihamie mahali pengine. Hatukuwa na chuma cha kuchomelea, umeme ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo tulitumia msumari mrefu uliochomekwa kwenye gunzi la hindi, tukaupasha moto kwenye jiko la mkaa. Risasi ya kuungia tulikwangua kwenye redio zilizokufa, na huko huko tukapata waya badala ya ule uliotafunwa. Niliunguza vidole vyangu mara nyingi, na kila nilipoungua nilimkumbuka mwenyewe niliyekuwa namfanyia kazi ile, nikaona aibu kulalamika.

Tatizo likawa kipimo. Ili nijue niweke wapi vitufe ilibidi niuone mkono wake umelala, naye hakutaka kuutoa kwenye kanga. Nilikuwa nachekecha unga wa muhogo wakati huo. Nikatandaza unga kwenye sinia, nikausawazisha kwa ubao, nikapiga kiganja changu katikati. Alama ikatokea, vidole vitano.

"Babu naye apige," kitindamimba akasema kutoka mlangoni.

Nikamwita babu, akapiga cha kwake. Mdogo wangu akapiga cha kwake, akaongeza na pua, tukacheka. Nikausawazisha unga tena, nikamsogezea sinia, nikajifanya napuliza jiko. Nilipogeuka alikuwa ameuweka mkono juu ya unga na anaukandamiza kwa mwingine ili ushuke vizuri. Aliuinua. Ilikuwa alama ndogo: gumba, kidole kimoja kirefu, na vishimo vitatu vilivyokusanyika kama nyayo za paka.

"Wangu umetoka vibaya," akasema.

"Umetoka kama ulivyo. Ndivyo ninavyoutaka."

Kule ndani ya unga nikachomeka njiti za kiberiti mahali ambapo kila kidole kilifika, nikahamisha vipimo kwenye mfuniko wa sanduku la mbao la sabuni. Vitufe nilivikata kwenye maboya ya nyavu, mepesi na makubwa. Vyuma vya kukutana vilitoka kwenye kopo la maziwa. Chini ya kila kitufe niliweka kipande cha sponji ili hata pumzi ikisukuma, kibonyee. Sanduku lilikuwa kubwa kama trei ya mayai, na alilipakata magotini kama mtu anayemenya viazi.

Jumamosi iliyofuata Mgebuka aliruka shimo la kwanza. Nilidhani paa litaondoka kwa kelele za kitindamimba.

"Aa, hiyo si haki!" mdogo wangu akasema. "Pedi yake ina msaada!"

"Nenda na wewe ukaungue, utengenezewe," akamjibu. Hapo nikajua kitu kimerudi ndani yake ambacho hata nesi hakukitaja.

Kuanzia hapo nikawa na kazi ambayo hakuna aliyeijua isipokuwa babu. Katikati ya wiki, mdogo wangu wa kiume akiwa shuleni na kitindamimba akiwa kwa jirani, nilifungua sanduku. Sponji nikabadilisha kwa mpira wa kandambili. Mpira nikabadilisha kwa springi ya kalamu. Na kila nilipofungua, vitufe vya vile vidole vitatu nilivisogeza mbele, upana wa punje ya mchele, ili vidole vivifuate, nikaziba tundu la zamani kwa nta. Babu alipenda sana ujanja huo. Alikuwa akipita uani ananiuliza kwa sauti ya chini, "Mama, leo tunavuta?" Nami namjibu, "Tunavuta kidogo."

Ikafika Juni, baridi ya asubuhi ikaingia. Jumamosi moja tukawasha, na Mgebuka, kabla hajaguswa, akaondoka mbio kwenda kulia, akatumbukia. Akarudi, akaondoka tena, akatumbukia.

"Kalewa huyu," mdogo wangu akasema.

Nikafungua sanduku. Ndani kote kulikuwa kumeganda rangi ya chungwa, na sisimizi wamejipanga juu yake kama kwenye sherehe. Mawese. Kwetu bawaba ikilia, ni mawese. Kufuli ikigoma, ni mawese. Mnyororo wa baiskeli, cherehani, miguu ya mtoto iliyopauka, yote ni mawese. Mtu alikuwa ameilainisha pedi kama anavyolainisha mlango, na yakaganda kwa baridi, na kitufe cha kwenda kulia kikabaki kimebonyezwa.

"Ni mimi," kitindamimba akasema. "Ilikuwa inakuwa ngumu. Kila Jumamosi inakuwa ngumu." Akaniangalia sawasawa. "Na inakua, dada. Vitufe vinanikimbia."

Babu akaanza kukohoa kikohozi cha uongo. Nilidhani mtoto atalirusha lile sanduku na asiliguse tena, na mkono ule urudi kwenye kanga, na kazi yote iishie hapo.

"Vinakukimbia," nikasema. "Na wewe unavikamata."

Akatazama vidole vyake muda mrefu. Kisha akaenda kuleta maji ya moto na sabuni, akakaa, akaanza kuosha vitufe, kimoja kimoja, akivizungusha kwa mkono wa kulia. "Usivisogeze tena kwa kuniibia," akasema. "Niambie, nitavumilia."

Kuanzia siku hiyo vitufe tulivisogeza pamoja. Yeye ndiye aliyechagua kiasi.

Tangazo likapita mtaani kwamba wageni wote wa ng'ambo waliokuwa mjini waende kambini. Babu hakubishana. Alikunja blanketi, akapanga vifaa vyake. Mashine akaiteremsha kabatini, akaniangalia mimi kama anaomba radhi.

"Si yangu," akasema. "Ingekuwa yangu, ingebaki."

"Tunajua, babu. Ni ya mteja."

Lori lilikuwa bado halijafika. Kitindamimba akasema, "Tucheze kwanza." Nikalivuta lile sanduku. Akatikisa kichwa, akachukua ile pedi nzima, ndogo, ya kiwandani. Kaka yake akasogea kumpisha. Akaishika kwa mikono yote miwili. Gumba likafika kwenye vile vitufe viwili, na nyuma yake vidole vitatu vikaizunguka pedi na kuibana ili isitoke. Mgebuka akakimbia. Shimo la kwanza akatumbukia. Akarudi, akatumbukia tena. Babu alikuwa amesimama na blanketi lake mkononi, midomo inasogea. Mara ya tatu Mgebuka akaruka, akatua ng'ambo, akaendelea kwenda.

"Inatosha," kitindamimba akasema, akaizima mashine mwenyewe.

Babu aliifunga mashine kwenye plastiki, akatafuta kamba. Kitindamimba akampa na sanduku letu.

"Hilo ni lako, binti."

"Babu, huko kambini hakuna watoto wenye mikono kama yangu?"

"Wako," mzee akasema. "Wako wengi."

"Basi wapime kwenye unga. Dada atakuambia unavyofanya."

Nikamwambia pale pale mlangoni, huku lori likipiga honi: unga, ubao wa kusawazisha, njiti za kiberiti, na usiweke mawese. Kitindamimba alikuwa ameinama juu ya furushi. Alipitisha kamba chini, akaileta juu, akaivuta kwa mikono yake yote miwili na kufunga fundo, lile la nyavu, ambalo linahitaji vidole vyote. Halikukaza vizuri. Akalifungua, akalifunga upya.