Meli ya Mama Fundi

Jirani yetu, mama fundi cherehani, anaunda meli kwa karatasi na maboksi ya viatu, mfano wa ile iliyozama na mwanawe. Hukata kwa wembe akiwa amebana pumzi, na gundi ikizidi huifuta kwa kidole gumba, polepole, kama anayemfuta mtoto pua. Ukimsemesha hapo, hujibu "mm" tu.

Jana alikuja baharia mmoja aliyenusurika, aliyelala chumba kimoja na mwanawe. Hata hajaketi vizuri, akasogezewa meli.

"Mwanangu, chumba chenu kilikuwa wapi?"

Baharia akagusa ubavu wa meli, chini kabisa. "Hapa, mama. Ila hakikuwa na dirisha."

Mama fundi akashika wembe, akatoboa dirisha pale pale, kubwa kuliko yote.