Mlango wa Nyuma Pale Kabiria

Nakumbuka asubuhi moja pale mtaani Kabiria, mwanangu, mama mmoja aliponifunga macho kwa leso na kuniambia nitoke ndani ya jengo nililojiona bwana wake.

Nilikuwa kijana bado, miaka miwili tu tangu nitoke Vihiga, nikiwa keateka, yaani mtunzaji, wa jengo la gorofa nne la kupangisha. Usinicheke. Kazi ile ilinivimbisha kichwa, hasa kwa sababu ya rundo la funguo nililoning'iniza kiunoni. Nikitembea zinalia, na mimi nikisikia raha.

Wezi walikuwa wametuchosha. Leo wamebeba jiko, kesho nguo zilizoanikwa juu ya paa. Nikaamua kuwakomesha. Nikatia mlango wa nyuma kufuli la ufunguo, la kufunguliwa ndani na nje, nikatia jingine mlango wa paa, fundi akachomelea vyuma kwenye madirisha yote. Wapangaji wakanishukuru. Ikabaki njia moja tu, ile ya mbele, na mimi nikaiita hiyo usalama.

Asiyeridhika alikuwa mmoja, Bi Zuhura wa gorofa ya pili. Alikuwa mjane kutoka Mombasa, akifundisha watoto Kurani kila alasiri katika msikiti mmoja mjini. Macho yake yalikuwa yamefifia kwa mtoto wa jicho, lakini udadisi wake ulikuwa mzima kabisa. Alihesabu vidato vya ngazi. Aligonga ukuta akasikiliza. Siku moja alinisimamisha kuniuliza kwa nini mlango wa nyuma ulilia tofauti asubuhi na jioni. Mimi sikuwa nimewahi hata kuusikia ukilia.

Basi asubuhi ile akaniita. "Kijana, fumba macho."

"Mama, nina kazi."

"Na hii ni kazi. Moshi ukijaa humu ndani, wewe na mimi sote tutakuwa vipofu. Nataka kujua nani atatoka."

Akanifunga leso, nami nikaanza kushuka nikipapasa ukuta. Watoto wakanifuata wakicheka. Chini ya ngazi nilijikwaa nikaanguka juu ya magodoro, yale yaliyoachwa na wapangaji waliohama. Ni mimi niliyeyarundika pale, upande wa mlango wa mbele, karibu na mita za stima, kwa kuwa sikuona pa kuyaweka. Nikainuka, nikafika mlango wa nyuma, mkono ukagusa kufuli.

"Haya, toka," akasema.

"Funguo ninazo hapa kiunoni."

"Na usipokuwapo?"

"Mimi niko kila siku, Mama."

"Kila siku si kila saa, mwanangu. Ondoa hayo magodoro. Na mlango huu utie komeo la kufunguliwa kwa ndani, hata na mtoto."

Nikamjibu kwa heshima kwamba nitashughulikia. Mwanangu, jihadhari sana na neno hilo. Sikuondoa godoro hata moja. Moyoni nilisema, huyu mama hana la kufanya, ndiyo maana anaulizauliza. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi nilidhani methali hiyo ni ya watoto wa shule.

Wiki chache zikapita. Siku moja, kabla ya adhuhuri, nilikwenda Riruta kununua bomba la maji. Nikiwa narudi nikaona moshi mweusi upande wetu. Kwanza nilijiambia ni mtu anachoma takataka. Kisha miguu ikakimbia kabla akili haijakubali.

Cheche zilikuwa zimeruka kwenye mita, zikashika magodoro. Njia ya mbele ilikuwa imezibwa na moto, watu wa jirani wakimwaga maji kwa ndoo. Nikazunguka nyuma. Nikasikia ngumi zikigonga chuma kwa ndani, na watoto wakilia.

"Keateka! Fungua, tunakufa huku!" Huyo alikuwa Mama Atieno, fundi cherehani wa gorofa ya tatu.

Nilishika rundo langu la funguo, lile la majivuno, nisijue ni upi. Nikajaribu mmoja, ukakataa. Wa pili, ukakataa. Rundo likaniponyoka, likaanguka. Ndipo nikasikia sauti ya Bi Zuhura, ya chini, bila papara:

"Wewe kijana. Ni ule mfupi. Nausikia kila siku, ukiutia huwa waukwaruza kwanza, kisha wainua mlango kidogo."

Nikautafuta ule mfupi. Nikainua mlango. Ukafunguka.

Walitoka wamefuatana, kila mmoja ameshika nguo ya mwenzake, watoto katikati. Bi Zuhura ndiye aliyewapanga hivyo katika giza la moshi, kwa vile vidato alivijua. Akatoka wa mwisho, uso umejaa masizi, akakohoa mpaka akapiga magoti.

Hakufa mtu. Ninamshukuru Mungu hadi leo. Lakini kifua cha Bi Zuhura hakikurudi kilivyokuwa. Pumzi ilikuwa ikimkatikia katikati ya aya, akalazimika kuwaachia wengine darasa lake. Hilo sijalisahau, wala sitaki kulisahau.

Nilimtembelea hospitalini nikitarajia matusi. Nilikuwa nayastahili. Yeye aliniuliza tu, "Lile kufuli, ulimfungia nani?"

"Mwizi, Mama."

"Na aliyefungiwa ni nani?"

Nikalia. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi hatari nilikuwa nimeilaza mwenyewe chini ya ngazi, nikaifungia ndani pamoja na watu. Akanishika mkono. "Haya, usilie. Ukirudi jengoni, wauliza nini kwanza?" Tukakaa tunaulizana maswali ya jengo, mimi na yeye, mpaka muuguzi akanifukuza.

Sasa wewe umepata nyumba Muthangari, gorofa ya tisa. Nilipokuja Jumapili nikaanza kutafuta ngazi, uliona haya. Ukaniambia, "Baba, hapa kuna soja analinda getini, kuna kamera, mlango unafunguka kwa kidole." Nikafurahi. Lakini nikauliza, stima ikipotea hicho kidole kitafungua nini? Nenda ukaulize.

Mwizi mzuie, ni haki yako. Ila mlango unaomzuia mwizi usimzuie mwenye nyumba. Dirisha lenye vyuma liwe na kipande kinachofunguka kwa ndani. Shuka kwa ngazi na watoto wako, mchana, mkicheza, mpaka miguu yao ijue njia. Ukiona kitu kimewekwa njiani, usiseme utashughulikia. Kiondoe saa hiyo, hata kama si chako. Mtungi wa kuzimia moto ukining'inia ukutani, muulize keateka ulikaguliwa lini, na umuulize kwa adabu, kwa sababu huenda ni kijana kama nilivyokuwa mimi. Na jirani akionekana msumbufu kwa maswali, mkaribishe chai umsikilize.

Mungu akulinde uingiapo na utokapo, wewe na wote walio chini ya paa lako. Akupe usingizi mtulivu, na majirani wanaokujua kwa jina.