Mikono ya Njano ya Mama Marselina

Alizaliwa Magamba, nje kidogo ya Mpanda, mwaka 1932, binti wa wakulima Wabende, akabatizwa Marselina. Alikuwa mcheshi tangu utotoni, jamani. Hata kwenye Njia ya Msalaba katekista alilazimika kumkanya. Ujane ulimkuta magoti yamemvimba kama viazi, akawa anasali amekaa. Mwaka 1991 mchuuzi mmoja kutoka Kigoma alimpa manjano mabichi. Akayatwanga, akayachemsha, akanywa kila siku, na kabla Kwaresima haijaisha alipiga magoti mbele ya altare. Hapo akautambua wito wake: akapanda manjano nyuma ya kanisa, akawagawia wazee bure, akikiombea kila kikombe.

Sifa ndizo zilizokuwa jaribu lake. Watu walisema dawa ni mkono wake, na kwa mwingine hawakunywa ng'o. Naye alikuwa na ugonjwa wa moyo, akajua hana miaka mingi. "Nikifa wataacha kunywa, magoti yavimbe upya," alimlilia Daktari Anicet wa zahanati. "Tupime, mwanangu. Mimi na manjano, tujue nani anaponya."

Mwaka 1996 wazee walikubali kujaribiwa katika makundi mawili, kila moja na chungu chake, wakijua kwamba chungu kimoja hakina dawa, ila hawajui kipi. Cha kwanza kilikuwa uji mwepesi wenye rangi ya chakula na pilipili ya kuficha ladha, nao Marselina aliuombea kwa machozi. Cha pili kilikuwa uji wa pilipili vilevile, ila wenye manjano yenyewe, yaliyotwangwa na Lyamba, muuza pombe mwenye ulimi mkali, huku akiimba nyimbo ambazo hatuwezi kuziandika hapa.

Baada ya majuma kadhaa Anicet alisoma matokeo kanisani. Wa chungu cha Lyamba wengi walikuwa wamepungua uvimbe. Wa Marselina, wachache tu. Akaongeza kwamba kikundi kidogo hakithibitishi yote, na dawa za hospitali zisiachwe. Nani alimsikia? Watu walikuwa wameinamisha vichwa, wakimwonea aibu mama yao.

Loo! Marselina akapiga vigelegele. "Ashukuriwe Mungu, si mimi! Nyie mnaogopa nini tena? Lyamba, mdogo wangu, shika kinu."

"Mimi? Na pombe yangu?"

"Nataka mikono yako. Ya pombe utaongea na Mungu."

Alifariki Januari 1998. Wapo wanaomsimulia maajabu mengi. Sisi tuliliona moja. Kaburini wazee walipiga magoti kwenye tope, wakainuka wenyewe, naye Lyamba akatupa udongo kwa mikono ya njano. Kanisa halijamtangaza mtakatifu. Lakini wewe uliyejaliwa kipawa, omba alivyoomba yeye: kiendelee hata usipokuwepo.