Matawi Niliyosema Yakatwe

Nilikuwa na miaka sitini na moja nilipomdanganya mwenzangu wa kanisa kuhusu mti, na nilimdanganya kwa makusudi.

Mti huo ulikuwa kwenye bustani ya mama mmoja Mzungu, mtaa wa Morningside mjini Durban, nilikofanya kazi tangu 2008. Yeye aliuita elm. Shina lilisimama wima hadi usawa wa kifua, kisha matawi yote yakageuka na kushuka hadi kugusa nyasi. Majani yake yalikwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Ni mti wa nchi za baridi, unapenda jua lakini joto la Durban liliuchosha, kwa hiyo niliifunika mizizi kwa majani makavu na kuumwagilia sana mara mbili kwa juma, bila kuacha maji yatuame. Na kila chipukizi lililopanda wima kutoka shinani nililing'oa. Mti ule ni wa kubebesha, grefe kama tunavyosema Wakongo: kichwa kinachoinama kimeunganishwa juu ya shina la elm ya kawaida. Ukiliachia shina, linaotesha matawi yake lenyewe ya kwenda juu, nayo yananyonya chakula chote mpaka kichwa kinakufa.

Mwaka 2011 nilipasuliwa ngiri. Kwetu sisi wageni kazi haiachwi wazi. Unamtafuta ndugu akushikie mpaka upone. Nilimpa shemasi wa kanisa letu, fundi cherehani asiye na wateja, mwenye mke na watoto watatu. Nilimwonyesha bomba la maji na reki, basi. Miezi miwili baadaye nikamkuta getini amevaa buti zangu.

"Papa mzee, madam anasema upumzike."

"Nani alimwambia nimechoka?"

"Eish, papa, si unajiona? Hata kupanda hii mulima unahema," akasema akicheka.

Alikuwa amemwambia madam kwamba nimeacha kazi. Nilirudi nyumbani bila kubishana. Jumapili iliyofuata, bila haya, akanifuata baada ya ibada.

"Papa, ile muti iko na shida gani? Namwangia maji kila siku, lakini matawi yote inaanguka tu. Iko na kiu?"

Nilimtazama usoni. Hakuwa anatania.

"Si kiu. Ni ugonjwa," nikamwambia. "Ile inaanguka ukate yote, uchome. Ile inapanda juu uache. Ndiyo muti yenyewe."

"Aksanti, papa. Mungu akubariki."

"Amina."

Mwezi huohuo madam alisafiri kwenda kwa binti yake ng'ambo, akakaa miezi minane. Kila Jumapili nilimuuliza shemasi habari za mti.

"Inapanda, papa! Sasa imenipita!"

Siku moja alisimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda: kilichoinama Mungu amekiinua. Watu wakapiga haleluya. Mimi nilipiga kubwa kuliko wote, na mchana ule nilikula chakula kwa hamu ambayo sikuwa nayo tangu hospitali.

Madam aliporudi na kuuona mti, alimfukuza shemasi siku ileile, kisha akanipigia simu. Nilimkuta ameweka kiganja kwenye kovu la shina, pale grefe ilipokuwa. Kando yake fimbo tatu za kijani zilikuwa zimesimama wima.

"Unaweza kuurudisha?"

Nilimwambia ukweli: kingehitajika japo kijiti kimoja kibichi cha kichwa cha zamani, na vyote vilichomwa. Aliniambia aliuleta mwenyewe kutoka bara, kwenye baridi, ukiwa mche, umelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari. Hapo ndipo nilipopaswa kusema mengine. Nikamuuliza nianze kazi lini.

Shemasi alishindwa kulipa kodi ya nyumba yake Overport. Walihamia mbali, Queensburgh, wakabanana chumba kimoja na shemeji yake, na watoto wakahama shule. Nikisema nilimhurumia nitakuwa nadanganya mara ya pili. Nilipotandika kitanda nilihesabu watu sita kwenye chumba chao, nikalala vizuri.

Jumamosi moja mwaka 2013 alikuja kwangu na mkewe. Alikataa kiti, akapiga magoti kwenye sementi.

"Papa, nilikunyang'anya mukate yako. Mungu alinilipa kwa ile muti. Unisamehe."

Mkewe alikuwa analia. Neno lilikuwa mdomoni mwangu tayari: si Mungu, ni mimi. Lingetoka kwa pumzi moja. Lakini nilipomwona pale chini, yeye aliyenicheka getini, nilionja utamu ambao hadi leo naona aibu kuuandika, na sikutaka uishe. Nilimwacha mpaka magoti yake yakaanza kutetemeka. Ndipo nikaweka mkono kichwani pake, nikasema, "Nimekusamehe."