Baridi ya Ng'ombe na Waya wa Nyangeta

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa kijana, mhimilishaji mpya, mpandikizaji wa mbegu za ng'ombe, nimefika kijiji cha Mugeta na baiskeli yenye mtungi wa naitrojeni, maji ya baridi kali, ndani yake mbegu za fahali zimegandishwa. Nilipofungua mfuniko, moshi mweupe ukatoka. Mzee Magesa, mwenye ng'ombe wengi pale, akanizuia mlangoni pa zizi.

"Kijana, fahali anakujaga na miguu yake. Wewe umeniletea moshi?"

Watu wakacheka hadi nikageuza baiskeli. Ndipo mama yake, bibi mfupi mwenye ulimi mkali, akasema, "Magesa, hata wewe nilikubeba hujaonekana. Toa ng'ombe." Akatoa, na ndama aliyezaliwa akanifungulia mazizi ya Bunda nzima. Bila bibi yule ningeacha kazi.

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Mwaka jana mjukuu wangu Nyangeta, injinia wa umeme, alikwenda Musoma kuwaonyesha mainjinia wageni kigae cheusi, kidogo kama kiganja cha mtoto. Alishanieleza: "Babu, nyaya zetu zinapataga moto, umeme unapotea njiani. Waya wa kitu hiki ukipozwa sana, haupotezi." Wakiridhika, wangempa nafasi kwenye utafiti wao. Asubuhi ya kuwaonyesha akanipigia simu analia: naitrojeni yake ya kupozea kigae imekwama Mwanza, na wageni wanaondoka mchana.

"Babu, si unayo ya ng'ombe?"

Ninayo! Nikabakiza ya kutunza mbegu, nyingine nikaitia kwenye mtungi mdogo, nikapanda bodaboda kutoka Nyasura hadi Musoma nimeukumbatia. Nyangeta akaimimina juu ya kigae, akaweka sumaku. Ikaelea hewani, haijashikwa na kitu: ndiyo ishara kwamba kigae kimepoa, hakipotezi umeme tena. Wageni wakasimama. Mimi nililia mbele za watu, wala sioni haya. Baridi ya zizini, mikononi mwa mjukuu wangu! Nafasi aliipata.

Usilolijua ni usiku wa giza, mwanangu, lakini giza halichekwi. Mtu akija na elimu ngeni, mwache ajaribu. Na kama una chako cha kumfaa, mpelekee upesi. Ukichekwa wewe, usigeuze baiskeli haraka kama mimi.

Mungu akubariki, akuzeeshe, nawe siku moja ukae mstari wa mbele umpigie mjukuu wako makofi.